Mzigo Hauyeyuki, Huhama Bega: Iningi 1,440 na Utabiri wa Besiboli

Tarehe 1 Novemba 2025, mjini Toronto, Yoshinobu Yamamoto wa Los Angeles Dodgers alipanda tena kwenye tuta la kurushia mpira katika mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali za World Series. Jana yake alikuwa ameanza mchezo wa sita na kurusha mipira 96. Safari hii aliingizwa katika iningi ya tisa, yaani zamu ya tisa ya mchezo, akarusha mipira 34 zaidi, akabaki hapo mpaka iningi ya 11, na Dodgers wakashinda 5-4 na kutwaa ubingwa kwa mwaka wa pili mfululizo. Sifa alizomiminiwa alizistahili. Lakini sifa ni jambo moja, na funzo linalochotwa kwenye sifa ni jambo jingine. Wakati huu ambapo utabiri wa msimu wa 2026 unaanza kutolewa, usiku ule unatajwa kama ushahidi wa mambo mawili. La kwanza ni kwamba tahadhari zote za kupunguza mzigo wa warushaji, yaani kuhesabu mipira, kuongeza siku za mapumziko na kumtoa mtu uwanjani mapema, ni woga tu uliovikwa joho la sayansi. La pili ni kwamba utabiri wa kabla ya msimu ulitimia, kwa kuwa tangu Machi wachambuzi wengi walikuwa wameshawatangaza Dodgers kuwa mabingwa.

Hoja yangu ni kwamba yote mawili yamesomwa kinyume, na kosa lililo nyuma yake ni moja. Utabiri wa timu ya besiboli, ukiuvua takwimu na michoro yake, kwa sehemu kubwa ni kubahatisha nani atarusha mpira na kwa muda gani. Mzigo wa kurusha wa timu nzima karibu haubadiliki mwaka hadi mwaka. Unachofanya ni kuhama kutoka bega moja kwenda jingine. Yamamoto aliweza kubeba alichobeba mwishoni kwa sababu wengine, baadhi yao watu wasiojulikana kabisa, walikuwa wamembebea tangu Aprili. Na Dodgers waliotwaa kombe hawakuwa timu iliyotabiriwa: ile ya kwenye karatasi haikuwahi kuingia uwanjani.

Kwa msomaji ambaye macho yake yamezoea soka, hesabu yenyewe inafaa kuelezwa. Mchezo mmoja una iningi tisa, yaani zamu tisa ambazo kila timu hupiga na kulinda. Msimu wa kawaida wa Ligi Kuu ya Marekani una michezo 162, na 162 mara tisa ni 1,458. Ukiondoa zile ambazo timu mgeni iliyozidiwa hairushi iningi ya tisa, na kuongeza zile za muda wa ziada, unabaki na takriban iningi 1,440 ambazo kila timu lazima izirushe, ipende isipende. Hakuna namna ya kuzikwepa. Katika soka mshambuliaji akiumia, kocha anaweza kubadili mfumo na kucheza kwa kujihami. Katika besiboli hakuna kinachoanza mpaka mrushaji aachie mpira mkononi, na aliyeanza mchezo leo kwa kawaida hawezi kuanza mwingine mpaka zipite siku nne au tano. Ndiyo maana timu huweka warushaji watano au sita wa kuanza, pamoja na wale wa akiba wanaoingia kumalizia, na tangu katikati ya 2022 kanuni inaruhusu warushaji wasiozidi 13 katika kikosi cha watu 26 kwa sehemu kubwa ya msimu. Zamani mrushaji mkuu alichukua iningi 250 au hata 300 za hesabu hiyo. Mwaka 2024 waliofika 200 katika ligi nzima yenye timu 30 walikuwa wanne tu: Logan Webb, Logan Gilbert, Seth Lugo na Zack Wheeler. Mwaka 2025 walikuwa watatu. Iningi ambazo wakubwa hao wameziacha hazikufutwa. Zimegawiwa watu wengine.

Sasa tazama utabiri unavyotengenezwa. Mifumo kama PECOTA, iliyobuniwa na Nate Silver na kutumiwa na Baseball Prospectus tangu 2003, au ZiPS ya Dan Szymborski, huanza na kila mchezaji peke yake: umri wake, kasi yake, matokeo yake ya miaka ya nyuma, na watu wa zamani waliofanana naye. Kazi hiyo wanaifanya vizuri. Lakini ili kupata ushindi wa timu, ubora huo lazima uzidishwe kwa muda wa kucheza, na hapo ndipo mtu, kwa makisio yake, huandika kwamba fulani atarusha iningi 170, fulani 140, na yule kijana wa ligi ndogo 35. Ubora wa mrushaji mzuri haubadiliki sana katika majira mamoja ya baridi. Idadi ya iningi zake inaweza kutoka 180 hadi sifuri kwa mlio mmoja wa kiwiko. Kwa hiyo nambari inayoonekana ya kisayansi, kwa mfano ushindi 97, imeegemea nguzo mbili, moja ya chuma na nyingine ya mwanzi.

Kabla ya kuulaumu mwanzi, tuseme haki kuhusu bahati. Hata kama malaika angekupa uwezo halisi wa kila timu, michezo 162 ni michache kiasi kwamba bahati peke yake hukosesha hesabu kwa kiwango cha kawaida cha takriban ushindi sita, juu au chini. Maana yake ni kwamba mtabiri asiye na dosari yoyote bado angepotoka kwa zaidi ya ushindi sita katika timu kama kumi kati ya 30, na walau timu moja kila mwaka ingemwaibisha kabisa. Kansas City Royals walipewa na PECOTA ushindi 72 mwaka 2015, wakashinda 95 na kutwaa World Series. Mfano huo hutajwa kila mwaka kwa kejeli, na kejeli hiyo si ya haki: kosa moja kubwa ndani ya timu 30 ni jambo la kutarajiwa. Linalofaa kuulizwa ni kama makosa yanayobaki, baada ya kuitoa bahati, yana mwelekeo. Naamini yanao, na unapitia kwenye mikono ya warushaji.

Dodgers wa 2025 ndio mfano bora. Kabla ya msimu mjadala haukuwa kama wangeongoza kundi lao. Ulikuwa kama wangeivunja rekodi ya ushindi 116 katika msimu mmoja, iliyowekwa na Chicago Cubs mwaka 1906 na kufikiwa na Seattle Mariners mwaka 2001. Walikuwa wamemsajili Blake Snell, wakampata Roki Sasaki kutoka Japani, walikuwa na Tyler Glasnow, na Shohei Ohtani alitarajiwa kurudi kurusha baada ya upasuaji. Wakaanza kwa kushinda michezo minane ya kwanza. Kisha bega la Snell likagoma, la Glasnow likafuata, la Sasaki nalo vivyo hivyo. Katika msimu wa kawaida Snell alirusha iningi 61 na theluthi moja, Glasnow 90 na theluthi moja, Sasaki 36 na theluthi moja, Ohtani 47. Jumla yao wanne ni 235, ambayo hapo zamani ingekuwa kazi ya mtu mmoja. Clayton Kershaw, mwenye miaka 37 na akiwa katika msimu wake wa mwisho, aliwazidi wote wanne mmoja mmoja. Dodgers walimaliza na ushindi 93, michezo mitatu tu mbele ya San Diego Padres. Aliyetabiri ubingwa alipata jibu sahihi, lakini kwa njia ambayo mwalimu wa hesabu asingeipa alama.

Na ubingwa wenyewe ulipita kwenye tundu la sindano. Mchezo wa tatu wa fainali ulikwenda iningi 18. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi, nami nilikuwa nimeshachelewa kazini, wakati Freddie Freeman wa Dodgers alipoupiga mpira nje ya uwanja na kuumaliza. Watu wengi wanamkumbuka Freeman. Wachache wanamkumbuka Will Klein, mrushaji wa mwisho kabisa kwenye benchi la akiba, aliyeingia baada ya wenzake wote kutumika na kurusha iningi nne bila kuruhusu pointi, mipira 72. Wakati huo Yamamoto, ambaye siku mbili kabla alikuwa amerusha mchezo mzima wa pili kwa mipira 105, alikuwa pembeni anapasha mkono moto ili aingie iningi ya 19. Kama Klein angechoka mapema kidogo, Yamamoto angeingia usiku ule, na haieleweki angebaki na nini kwa ajili ya michezo ya sita na ya saba. Wanaosema kwamba Yamamoto amethibitisha upuuzi wa kuhesabu mizigo wanasahau kwamba yeye ni zao la kuhesabu huko. Mwaka 2024 alirusha iningi 90 tu kwa sababu ya bega. Mwaka 2025 alirusha 173 na theluthi mbili, mara nyingi akiwa na mapumziko marefu yanayokaribia desturi ya Japani ya kuanza mara moja kwa wiki. Akiba ile ndiyo iliyotumika Oktoba.

Ukitaka kuona upande wa pili wa sarafu, nenda Atlanta. Mwaka 2023 Braves walishinda michezo 104, na Spencer Strider akaongoza ligi kwa kuwatoa wapigaji 281 kwa straiki, yaani bila wao kufaulu kuupiga mpira. Mwaka uliofuata aliumia kiwiko baada ya kuanza michezo miwili, akafanyiwa upasuaji, na Braves wakashuka hadi ushindi 89. Walisalimika kwa sababu ya Chris Sale, ambaye wachache walimtarajia: katika miaka minne, kuanzia 2020 hadi 2023, alikuwa amerusha iningi 151 tu kwa sababu ya majeraha, kisha 2024 peke yake akarusha 177 na theluthi mbili na kutwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Mwaka 2025 wachambuzi wengi waliwaweka tena Braves miongoni mwa timu za kugombea ubingwa. Wakapoteza michezo saba ya kwanza, na kabla ya Agosti warushaji wote watano walioanza nao msimu, yaani Sale, Reynaldo López, Spencer Schwellenbach, Grant Holmes na AJ Smith-Shawver, walikuwa wameangukia kwenye orodha ya majeruhi. Walimaliza na ushindi 76. Sitaki kuwatwisha warushaji lawama yote, kwa sababu wapigaji nao walikosekana: Ronald Acuña Jr. hakurudi kutoka kwenye jeraha mpaka mwishoni mwa Mei, Austin Riley aliumia, na Jurickson Profar alifungiwa michezo 80. Tena mbavu za Sale zilivunjika alipojitupa chini kuufuata mpira, jambo ambalo hakuna ukomo wa mipira ungelizuia. Hata hivyo tofauti na Dodgers inabaki wazi: timu zote mbili zilipoteza nguzo zao za kurusha, lakini moja ilikuwa na mtu wa saba, wa nane na wa tisa, na nyingine haikuwa nao.

Atakayenijibu kwamba hii ni hadithi ya fedha tu atakuwa na haki kwa nusu. Fedha hununua akiba. Dodgers wanaweza kumlipa Snell mamilioni akiwa kitandani na bado wakamlipa mwingine arushe. Wanatawanya mbegu mpaka Uganda, ambako mwaka 2022 walisajili vijana wawili, mmoja wao mrushaji. Lakini Milwaukee Brewers hawana fedha hizo. Kabla ya msimu wa 2024 walimtoa Corbin Burnes, mrushaji wao mkuu, kwa kubadilishana na timu nyingine, na mwaka 2025 utabiri mwingi uliwaweka kama timu ya kati, ishinde nusu na ipoteze nusu. Michezo yao mitatu ya kwanza, huko New York, waliipoteza yote kwa jumla ya 36-14 huku warushaji wao kadhaa wakiwa majeruhi, na kila mtu akaona utabiri umekuwa wa ukarimu kupita kiasi. Mwezi Aprili wakamchukua Quinn Priester kutoka Boston, kijana ambaye timu mbili zilikuwa zimekwisha kumwachia. Akamaliza na ushindi 13 dhidi ya kushindwa mara tatu. Brewers wakashinda michezo 97, mingi kuliko timu nyingine yoyote katika ligi. Kisha katika mtoano Dodgers wakawashinda michezo minne kwa sifuri, kwa kuwa Oktoba kuna siku nyingi za mapumziko na wakubwa wachache wanatosha. Msimu mrefu humlipa mwenye watu wengi wa wastani. Mtoano humlipa mwenye wachache walio bora na wazima. Hii ni mitihani miwili tofauti, na utabiri wa Machi huichanganya kana kwamba ni mmoja.

Tukija sasa kwenye mzozo wa mzigo wa mrushaji mmoja mmoja, hoja zilizo mezani hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu zaidi, na inayopendwa zaidi, ni ile ya wazee: zamani watu walirusha iningi 300 na mikono yao haikukatika, kwa hiyo kinachowaumiza vijana wa leo ni kudekezwa. Shahidi wao daima ni Nolan Ryan, aliyerusha zaidi ya iningi 332 mwaka 1974 na kucheza misimu 27. Tatizo la shahidi huyu ni kwamba ndiye aliyebaki hai kusimulia. Sandy Koufax alirusha iningi 323 mwaka 1966, akashinda michezo 27, kisha akastaafu akiwa na miaka 30 kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimekwisha kuliwa na baridi yabisi. Mark Fidrych, mwaka 1976, akiwa na miaka 21, alirusha iningi 250 na michezo mizima 24 kwa ajili ya Detroit. Alishinda michezo 19 mwaka ule na kumi tu katika maisha yake yote yaliyobaki ya ligi kuu. Kabla ya Septemba 1974, daktari Frank Jobe alipomfanyia Tommy John upasuaji wa kuhamisha kano kutoka mkono wake mwingine, kiwiko kilichokatika kano hakikuwa na jina wala tiba: mchezaji alisemwa tu kwamba mkono umekufa, akarudi kwao. Takwimu za enzi hizo zinaonekana safi kwa sababu waliovunjika waliondoka kwenye takwimu.

Upande wa pili, wa ukomo mkali wa iningi, unastahili heshima zaidi, lakini nao umejengwa juu ya ushahidi mwembamba kuliko unavyodai. Kwa miaka mingi timu ziliongozwa na kanuni kwamba mrushaji kijana asiongezewe zaidi ya iningi 30 kutoka mwaka hadi mwaka. Wachambuzi waliokuja kuipima hawakuiona ikisimama: wengi walioshuka baada ya kuongezewa mzigo walishuka kwa sababu walikuwa wametoka kwenye mwaka bora kuliko kawaida yao. Garrett Crochet alirusha iningi 12 na theluthi mbili za ligi kuu mwaka 2023, 146 mwaka 2024, kisha 205 na theluthi moja mwaka 2025 akiwa Boston, na huo wa mwisho ndio uliokuwa bora kuliko yote. Kwa kanuni ya 30, mkono wake ulikuwa umekwisha kukatika mara mbili.

Kesi ambayo pande zote mbili huidai ni ya Stephen Strasburg, na naona haiendi kwa upande wowote. Mwaka 2012, mwaka wake wa kwanza kamili baada ya upasuaji, Washington Nationals walimsimamisha mwezi Septemba akiwa na iningi 159 na theluthi moja, ingawa timu ilikuwa inaelekea kumaliza na ushindi 98, mwingi kuliko wote katika ligi. Waliingia kwenye mtoano bila yeye, wakaongoza 6-0 katika mchezo wa tano dhidi ya St. Louis, na wakapoteza 9-7. Jiji zima lililia kwamba tahadhari imewanyima ubingwa. Miaka saba baadaye Strasburg yule yule alirusha iningi 209 za msimu na 36 na ushei za mtoano, akachaguliwa mchezaji bora wa World Series na Nationals wakatwaa kombe lao la kwanza. Watetezi wa ukomo wakasema: mmeona, tulimtunza kwa siku hii. Ndipo akapewa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 245, na katika mkataba huo wote akaanza michezo minane tu, iningi 31 na theluthi moja, kabla mwili haujakataa kabisa. Wazee nao wakasema: mmeona, kumtunza hakukusaidia. Ninachokiona mimi ni kwamba Nationals walipata ubingwa, na mkono wa Strasburg ndio ulioulipia. Swali la kama bei ilikuwa halali linategemea kama unaulizwa wewe mwenye timu, wewe shabiki, au yeye mwenye bega.

Kinachokosekana katika pande zote mbili ni nguvu inayotumika katika kila mpira. Ripoti ambayo ligi yenyewe ilitoa Desemba 2024, baada ya kuwahoji zaidi ya watu 200, ilionyesha kwamba warushaji waliowekwa kwenye orodha ya majeruhi walipanda kutoka mara 212 mwaka 2005 hadi mara 485 mwaka 2024, wakati ule ule ambapo iningi za kila mmoja zilikuwa zinapungua. Wastani wa kasi ya mpira wa kasi ulipanda kutoka maili 91.3 kwa saa mwaka 2008 hadi 94.2 mwaka 2024. Chama cha wachezaji kiliilaumu saa ya kuharakisha mchezo iliyoanzishwa 2023, na huenda ina mchango wake, lakini majeraha yalikuwa yamepanda kwa miaka mingi kabla ya saa hiyo. Maelezo yaliyonyooka zaidi ni kwamba mrushaji aliyeambiwa atatolewa iningi ya tano hana sababu ya kubakiza kitu. Kila mpira anaurusha kwa nguvu zote, na anaandaliwa hivyo tangu shule. Ukomo wa iningi, uliokusudiwa kumlinda, umempa ruhusa ya kujiunguza haraka zaidi. Hapa wazee wana chembe ya ukweli ambayo hawaitumii vizuri: Ryan wa zamani alikuwa wa pekee, lakini wenzake wengi walirusha kwa kupimapima nguvu kwa sababu walijua wana iningi tisa mbele yao.

Kutokana na hayo, wazo lililozungumzwa mwaka 2024 la kumlazimisha mrushaji wa kuanza afike iningi ya sita halipaswi kupuuzwa, lakini wanaolipigia debe wanalifikiria kwa mrushaji mmoja mmoja, ilhali athari yake itakuwa kwa timu. Vijana wa leo waliokwisha kufundishwa kurusha kwa nguvu zote hawatapunguza mwendo kwa tangazo. Miaka ya kwanza itawavunja, na iningi zao zitamwangukia nani? Zitamwangukia yule yule mtu wa 14 na wa 15, anayepandishwa kutoka ligi ndogo Jumanne, anarusha mipira 40, na kushushwa tena Jumatano ili bega jipya lichukue nafasi yake. Kanuni za sasa zinaruhusu mchezaji kushushwa hivyo mara tano kwa msimu mmoja. Mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji unakwisha Desemba 1, 2026, na kwa mtazamo wangu suala la nani hubeba iningi zilizoachwa na wakubwa ni zito kuliko linavyotajwa, ingawa makelele mengi yatakuwa juu ya ukomo wa mishahara.

Soko, kwa upande wake, limekwisha kuelewa jambo ambalo watabiri bado wanaliweka pembeni. Mwezi Novemba 2025 Toronto Blue Jays, waliokuwa wa mwisho katika kundi lao mwaka 2024 kwa ushindi 74 na waliofika iningi ya 11 ya mchezo wa saba wa fainali mwaka mmoja baadaye, walimpa mrushaji Dylan Cease mkataba wa miaka saba wa dola milioni 210. Mwaka 2025 Cease aliruhusu wastani wa pointi 4.55 kwa kila iningi tisa, kiwango cha mtu wa kawaida. Wengi walishangaa. Lakini kila mwaka tangu 2021 ameanza michezo 32 au 33 bila kukosa, na ukizijua zile 1,440 unajua Toronto walikuwa wananunua nini.

Timu hiyo hiyo ina mrushaji kijana aitwaye Trey Yesavage. Aprili 2025 alikuwa katika ngazi ya chini ya ligi ndogo. Septemba akaitwa ligi kuu. Oktoba akawatoa Dodgers 12 kwa straiki katika mchezo wa tano wa fainali. Ukijumlisha ngazi zote na mtoano, alirusha takriban iningi 140, akiwa na miaka 22, katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa. Majuma haya kila mtabiri atalazimika kuandika nambari mbele ya jina lake. Atakayeandika 160 huenda akaiona Toronto kileleni mwa kundi, na atakayeandika 100 huenda akaiona nyuma ya Yankees na Red Sox, na wote wawili watakuwa wamekubaliana kabisa kuhusu ubora wake.